Mafua yanaposhuka kifuani: kuijua bronkiolaitisi ya watoto wachanga

Mpwa wangu alikuwa na miezi mitatu na siku chache mafua yalipomwanza. Siku mbili za kwanza hakuna aliyehangaika. Kamasi jepesi, chafya, joto kidogo, kulialia. Kaka yake wa darasa la pili alikuwa ameumwa mafua hayohayo wiki iliyotangulia, na yalimpita huku anacheza mpira. Usiku wa siku ya tatu, saa nane, dada akanipigia: "Mjomba'ke, njoo umwone huyu mtoto. Anapumua kama ametoka kukimbia."

Nilikuta wanawake watatu sebuleni na majibu matatu. Mama mkwe wa dada alisema kimeo kimeshuka, kukipambazuka aitwe fundi akikate. Jirani alisema ni nimonia, na alikuwa ameshakuja na chupa ya amoksilini iliyobaki kwa mwanawe. Dada mwenyewe alihofia pumu, kwa sababu kwa kina mumewe pumu ipo na kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi. Wote watatu walikuwa wanaona kitu kilekile na wote walikuwa wameona sawasawa: kikohozi, pumzi za haraka, filimbi. Lililokosekana ni jina. Kiswahili chetu cha kila siku hakina neno la ugonjwa huu. Madaktari wanauita bronkiolaitisi. Mkamba, neno la kwenye kamusi, ni wa mirija mikubwa ya hewa. Huu unakaa chini zaidi, kwenye vijia vidogo kabisa.

Mimi si daktari, huandika tu habari za afya, na kwa miaka mingi nami nilikuwa naita kila kifua cha mtoto nimonia.

Uchukulie mfumo wa hewa kama mti uliopinduliwa. Shina ni koo la hewa, matawi makubwa yanaingia kila pafu, yanagawanyika na kugawanyika tena mpaka vijitawi ambavyo upana wake haufiki milimita moja. Mwisho wa vijitawi hivyo ndipo vilipo vifuko ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Kwenye nimonia vifuko vyenyewe ndivyo hujaa maji na usaha. Kwenye bronkiolaitisi vijitawi ndivyo huvimba: virusi huingia kwenye ngozi yao ya ndani, chembe zinakufa na kubanduka, kamasi linamwagika, na takataka hiyo yote inaziba njia ambayo tangu mwanzo ilikuwa nyembamba.

Hapo ndipo hesabu inapomgeukia mtoto. Jaribu kunywa uji kwa mrija wa soda, kisha jaribu kwa mrija wenye nusu ya upana huo. Hutahitaji nguvu mara mbili. Kanuni ya fizikia inasema ugumu unaongezeka mara 16. Mtu mzima akivimba kidogo kwenye vijia vyake bado ana nafasi ya kutosha, ndiyo maana virusi vilevile kwake ni mafua ya siku nne. Kwa mtoto wa miezi mitatu uvimbe uleule umeshakula sehemu kubwa ya njia. Tena hewa huingia kwa urahisi kuliko inavyotoka, kwa sababu anapovuta pumzi vijia hutanuka kidogo na anapoitoa husinyaa. Hewa inanaswa ndani. Kifua kinatuna, na filimbi husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi.

Kuna jambo la pili ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka usiku ule. Mtoto wa miezi michache hutegemea sana pua kupumua, na anaponyonya mdomo una kazi nyingine. Pua ikiziba na pumzi zikiwa za haraka, inabidi achague: anyonye au apumue. Atachagua kupumua. Kwa hiyo mtoto anayeachia ziwa kila baada ya sekunde kumi, akahema, akalia, akarudi, hajalikataa ziwa. Pumzi haimtoshi. Kwa ugonjwa huu, namna anavyonyonya ni kipimo kizuri kuliko kikohozi chenyewe, maana kikohozi kinatisha masikio lakini mara nyingi hakielezi hali.

Virusi vinavyosababisha ni vya aina kadhaa, ila mkubwa wao ni RSV. Viligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe wa maabara waliokuwa na mafua, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa watoto wachanga. Karibu kila mtoto duniani huambukizwa kabla ya kutimiza miaka miwili, na mwili haupati kinga ya kudumu: mtu huambukizwa tena na tena, ila mara za baadaye huwa nyepesi. Makadirio ya mwaka 2019 ni watoto milioni 33 wa chini ya miaka mitano walioshikwa na RSV kifuani, milioni 3.6 waliolazwa, na vifo zaidi ya 100,000. Kati ya kila vifo 100, 97 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. RSV ni vilevile huku na Ulaya. Kinachopishana ni umbali wa hospitali na kama ukifika utakuta oksijeni.

Na hatuna haja ya kusoma habari hizi kutoka mbali. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya, pale Kilifi, pwani ya Kenya, wamevifuatilia virusi hivi kwa miongo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nimonia kali ya watoto katika nchi saba, Kilifi ikiwa mojawapo. RSV pekee vilikuwa chanzo cha karibu thuluthi moja ya wagonjwa. Yaani sehemu kubwa ya kile tunachokiita nimonia wodini ni virusi ambavyo dawa ya bakteria haivigusi. Chanjo zimechangia: tangu watoto waanze kuchanjwa dhidi ya nyumokoka, bakteria wanaoleta nimonia (Kenya ilianza 2011), bakteria wamepungua na virusi vimebaki na fungu kubwa.

Kalenda ya ugonjwa

Jambo ambalo lingewapunguzia wazazi hasira nyingi ni kujua kwamba ugonjwa huu una siku zake. Siku ya kwanza na ya pili ni mafua tu, na hata bingwa wa watoto hataona zaidi ya mafua. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano ndipo unapopanda kileleni. Kisha huanza kushuka, na wengi huwa wanapumua vizuri kati ya siku ya saba na ya kumi, ingawa kikohozi kinaweza kuvuta wiki tatu na zaidi. Dada alikuwa amempeleka mtoto zahanati siku ya kwanza akaambiwa ni mafua. Usiku ule alikuwa anawalaani. Hawakukosea. Mtoto wa siku ya kwanza na mtoto wa siku ya tatu ni watoto wawili tofauti, na aliyetakiwa kuona mabadiliko ni aliyelala naye.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: leo ni siku ya ngapi tangu kamasi lianze? Mtoto aliyezidiwa siku ya pili bado ana mlima mbele yake. Mwenye hali ileile siku ya saba huenda anateremka.

Swali la pili linahitaji saa. Usiku ule nilimwomba dada amshike mtoto mapajani mpaka atulie, asiwe ananyonya wala kulia. Tukampandisha fulana mpaka kwapani, taa ikawa karibu, nikaweka simu ikihesabu sekunde 60. Dakika nzima, si nusu dakika kuzidisha mara mbili, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio. Wanaharakisha, wanatulia, wanaharakisha. Tumbo likipanda na kushuka ni moja. Tulipata 64. Tukarudia, 62.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani, WHO, ndivyo vilivyobandikwa kwenye zahanati nyingi: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka, wa miezi miwili hadi kumi na miwili, 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mpwa wangu alikuwa amevuka mbali.

Tukiwa tumeshapandisha fulana tukaona lililo zito zaidi ya namba. Kila alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, ilibonyea ndani kana kwamba kuna kidole kinaisukuma. Kwa kawaida mtoto akivuta pumzi kifua na tumbo vinatoka nje pamoja. Kifua kikibonyea ndani, misuli inafanya kazi ya kupigania hewa. Pua nazo zilikuwa zinatanuka na kusinyaa. Hapo mjadala wa kimeo, nimonia na pumu uliisha, tukatafuta bajaji.

Zipo dalili ambazo hazisubiri hata kuhesabu. Mtoto anayeguna kila anapotoa pumzi. Kichwa kinachotikisika kwa kila pumzi. Mtoto anayeshindwa kabisa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au haamki vizuri. Midomo au ulimi ukiwa wa kijivu au buluu. Kwa ngozi zetu usiitafute rangi hiyo mashavuni, mfungue mdomo utazame ulimi na fizi kwenye mwanga. Na pumzi kukatika: mtoto anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha anaanza tena. Hili la mwisho huwapata hasa wachanga wa chini ya miezi miwili na watoto njiti, na linaweza kuja kabla hata kikohozi hakijawa kikubwa. Ukiliona mara moja tu, nenda, hata kama sasa anatabasamu.

Wa chini ya miezi miwili ana sheria yake: joto la 37.5 au zaidi, au mwili kuwa wa baridi, au kunyonya kwa shida, ni hospitali siku hiyohiyo. Wenye tundu la moyo, wenye utapiamlo, wenye VVU na njiti nao wasipewe muda wa "tuone kesho". Na mahali penye malaria, mtoto mwenye homa apimwe malaria hata kama mafua yanaonekana wazi, kwa kuwa malaria kali nayo huharakisha pumzi.

Dawa ambazo hazisaidii, na kwa nini tunazipenda

Hospitali walimbana kidole cha mguu kwa kile kifaa chenye taa nyekundu. Oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 88. WHO inasema chini ya 90 apewe oksijeni, na walimpa, kwa vimirija viwili laini puani. Mama mkwe wa dada alikaa chini kwenye korido akaanza kulia. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu akiwekewa oksijeni safari imekaribia, kwa sababu tulizoea kuwaona wanawekewa wale waliocheleweshwa. Muuguzi alimwambia maneno ambayo ningependa kuyasikia kwenye kila wodi: "Bibi, hii ndiyo dawa yake. Nyingine hatuna."

Alikuwa anasema kweli tupu. Tiba ya bronkiolaitisi ni hewa na maziwa. Oksijeni kwa anayeihitaji. Maziwa kidogokidogo, na akishindwa kunyonya, maziwa ya mama yaliyokamuliwa hupitishwa kwenye mpira mwembamba wa puani hadi tumboni, au dripu. Basi. Virusi vinamalizwa na mwili wenyewe, kazi ya hospitali ni kumshika mtoto asizame mpaka mwili umalize.

Amoksilini ya jirani huua bakteria, na hapa hakuna bakteria wa kuua. Itakachompa ni kuharisha, na kuwafundisha bakteria wengine kuizoea. Hapa kuna fundo linalowachanganya wasomi wa mtandaoni: mwongozo wa WHO unaofuatwa zahanati unamwelekeza mhudumu ampe amoksilini mtoto mwenye pumzi za haraka au kifua kinachobonyea. Je, wanakosea? Hapana. Mhudumu aliye peke yake kijijini, bila picha ya eksirei wala maabara, hawezi kutenganisha kwa uhakika nimonia ya bakteria na bronkiolaitisi, na kuikosa ile ya bakteria kunaua. Anachagua kosa dogo. Kwa hiyo aliyemwona mtoto, akamhesabu pumzi na kumsikiliza kifua akiandika amoksilini, mpe mpaka dozi iishe. Usiyoitaka ni ile inayotoka kwenye kabati la jirani au dirisha la duka la dawa bila mtu kumpandisha mtoto fulana.

Mashine ya mvuke, ile yenye kinyago na dawa ya salbutamo, imewaponya watu wa pumu mbele ya macho yetu, ndiyo maana tunaidai. Pumu ni misuli inayozunguka vijia kukaza; salbutamo inalegeza misuli. Kwenye bronkiolaitisi kilichoziba ni uvimbe na kamasi, hakuna cha kulegezwa. Daktari anaweza kuijaribu, hasa kwa mtoto mkubwa kidogo au aliyepiga filimbi mara kadhaa, na isipoleta tofauti akaiacha. Akiiacha hajakunyima kitu. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, nazo hazijaonyesha faida kwa ugonjwa huu. Dawa za maji za kikohozi hazifai kabisa kwa watoto hawa. Baadhi hulevya, na mtoto anayepigania pumzi ndiye wa mwisho kuhitaji usingizi wa dawa. Asali kabla ya mwaka mmoja hapana, inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Kumfukiza kwenye maji ya moto chini ya shuka kumeunguza watoto. Mafuta ya kafuri nayo wekeni kando hadi apite miaka miwili.

Na kimeo. Kila binadamu anacho, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Mtoto akikohoa sana kinaweza kuwa chekundu, na anayetafuta sababu ataiona hapo. Lakini kinachomziba mtoto kiko kifuani, hakifikiwi na wembe wa mtu yeyote. Wanaokatwa hutoka damu, hupata maambukizi, na wapo waliokufa. Sikumwambia mama mkwe wa dada maneno haya yote usiku ule. Nilimwonyesha mbavu zinavyobonyea, nikamuuliza kama kimeo kinaweza kufanya vile. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kuchukua khanga ya kumfunikia mtoto njiani.

Anayebaki nyumbani

Wengi hawalazwi. Mtoto anayenyonya zaidi ya nusu ya kawaida yake, anayekojoa, asiyebonyea kifua na anayekutazama usoni anaweza kuuguzwa nyumbani, mradi kuna mtu wa kumwangalia usiku.

Kazi kubwa ni pua. Matone mawili matatu ya maji ya chumvi ya dukani kila tundu, ngoja kidogo, kisha futa kwa kitambaa laini kilichosokotwa ncha au vuta kwa kile kipira cha kunyonyea kamasi, dakika chache kabla ya kunyonyesha. Msitumie midomo kama mabibi walivyofanya, mtaongezeana virusi. Mnyonyeshe kidogo na mara nyingi. Badala ya dakika ishirini kila saa tatu, dakika tano kila saa moja. Akiwa macho mshike wima kifuani kwako. Akilala alale chali, bila mto. Homa ikimsumbua, panado ya watoto kwa kipimo cha uzito wake, kama mtaalamu alivyoelekeza.

Angalia nepi. Muda wa saa kumi na mbili ukipita bila mkojo ni safari ya hospitali. Mhesabu pumzi asubuhi, jioni na usiku, na uandike pamoja na siku ya ugonjwa. Dada aliandika nyuma ya bahasha ya kadi ya kliniki, na daktari aliyempokea alisema karatasi ile ilimsaidia kuliko maelezo yetu yote.

Moshi ni adui ambaye tunamzoea. Jiko la mkaa ndani ya chumba, kuni, sigara ya baba anayevutia mlangoni akidhani ametoka nje. Vyote huongeza uwezekano wa mtoto kuugua na kuugua vibaya. Mkeka wa mtoto uhame jikoni.

Virusi vinaingiaje ndani

Kilifi walifuatilia familia nzima kwa miezi, wakipima pua za kila mtu nyumbani. Waliowaletea wachanga virusi mara nyingi walikuwa kaka na dada zao wakubwa, hasa waendao shule. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule wa darasa la pili na mpira wake. RSV husafiri kwa matone ya kikohozi na kwa mikono, na hukaa saa kadhaa kwenye vitu vigumu kama meza na vidude vya kuchezea. Sabuni huviua kirahisi. Kwa hiyo anayetoka shule anawe mikono kabla ya kumbeba mdogo wake, na mwenye mafua asimbusu usoni, awe shangazi aliyetoka safari au nani. Pale pwani msimu hupanda mwishoni mwa mwaka na kuingia miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, wakati ambao ndugu ndio wanatembeleana.

Chanjo nayo ilichukua muda. Jaribio la miaka ya 1960 nchini Marekani liliishia vibaya: watoto waliochanjwa waliugua zaidi walipokutana na virusi na wawili wakafa, na kwa miongo hakuna aliyethubutu tena. Mwaka 2013 wanasayansi walilionyesha umbo halisi la protini ambayo RSV hutumia kuingia kwenye chembe kabla haijajibadilisha, na kutoka hapo mambo yakaenda haraka. Sasa ipo chanjo ya mama mjamzito, ambayo WHO inashauri itolewe kuanzia wiki ya 28 ili kinga ipite kwenye kondo hadi kwa mtoto, na ipo sindano ya kingamwili anayopewa mtoto mwenyewe, inayomlinda kwa miezi mitano au zaidi. Chanjo ya mama ilipata ithibati ya WHO mwezi Machi 2025, hatua inayoruhusu mashirika ya Umoja wa Mataifa kuinunua kwa ajili ya nchi kama zetu. Kadi ya kliniki ya mpwa wangu haina mstari wake. Mjamzito aulize kliniki, na hata akijibiwa haipo, maziwa yake mwenyewe bado yana kinga.

Mpwa wangu alikaa na oksijeni siku tatu. Siku ya nne ya wodini, ambayo kwa kalenda ya ugonjwa ilikuwa ya saba, alinyonya dakika kumi bila kuachia. Walituruhusu wakatuonya kwamba kikohozi kitabaki, na kwamba huenda akapiga filimbi tena mafua mengine yakija. Wiki ya tatu alikuwa bado anakohoa usiku, bibi yake ameketi kando ya kitanda na simu ya kitochi mkononi, anahesabu kwa sauti ya chini: thelathini na sita, thelathini na saba.